Nilimzungusha mama mkwe Unguja bila kumtazama usoni

Wakuu, habari za muda huu.

Hii stori nimekaa nayo tangu mwaka jana. Leo mvua imekatisha wateja dukani, nikaona niishushe humu. Chumvi sitaongeza, na pale nilipokosea nitasema mwenyewe.

Mimi ni Mkurya wa Tarime, nauza spea za pikipiki pale Bomani. Wife ni mtu wa Kisaka, wilaya ya Serengeti. Tuna binti mmoja anaitwa Bhoke, kwa hiyo mtasikia naitwa Baba Bhoke na yeye Mama Bhoke.

Kabla sijafika mbali niwaeleze jambo moja la kwetu, bila hilo hamtanielewa.

Mama mkwe kwetu anaheshimiwa mpaka inachosha. Humpi mkono. Huli naye. Humtazami usoni. Mkikutana njiani mmoja anapisha, mnasalimiana huku kila mtu anaangalia viatu vyake.

Ukiwa na la kumwambia, unamwambia mkeo, naye anafikisha. Hata kama wote watatu mmekaa pale pale na mama amesikia kila neno.

Najua siku hizi wengi wameacha, na kila ukoo una namna yake. Mimi nililelewa hivyo na mama naye hivyo hivyo. Miaka tisa ya ndoa, ungeniuliza mama mkwe anafananaje ningekutajia vitenge vyake. Sura siijui.

Sasa mama akaanza kujikwaa. Mara amegonga kizingiti, mara anamimina maziwa nje ya kikombe. Tukadhani ni uzee. Kumpeleka hospitali tukaambiwa ni presha ya macho, na tumechelewa.

Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kabisa. La kulia limebaki na sehemu ndogo katikati, anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Daktari alisema kilichopotea hakirudi, dawa ni za kulinda kilichobaki, na hakutuahidi kitalindika kwa muda gani.

Wife alilia sana. Akamuuliza mama yake kama kuna kitu anatamani kukiona wakati bado anaweza. Mimi nilidhani atataka kwenda kwa dada yake kule Mbalibali.

Akasema anataka kuona Unguja.

Iko hivi. Baba mkwe, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa askari. Ujanani alipangiwa kazi Unguja, mama akabaki Kisaka na watoto na ng'ombe. Kila akija likizo anamhadithia. Kulikuwa na mlango mmoja mkubwa wa mbao wenye misumari ya shaba. Siku moja mvua ilimkuta, akajibanza pale, akatundika kofia yake kwenye msumari mmoja akasubiri mvua ipite. Na kulikuwa na barabara ya kwenda mashamba inayonukia karafuu mpaka nguo zinanukia.

Kila likizo alikuwa anamwambia, "Nitakupeleka uone." Akastaafu, akaugua, akafa. Hakumpeleka.

Wakuu, nilivyosikia hivyo nilishindwa kula. Mimi ndiye mwanaume pekee mwenye leseni kwenye ile familia. Nikajichanga mwaka mzima nikijiuliza kama jicho litatusubiri.

Plan yangu ilikuwa safi. Siku mbili Mji Mkongwe tutafute mlango. Halafu tukodi gari ndogo, siku tatu tuzunguke kisiwa polepole, tukichoka tunasimama. Wife atamshika mama mkono, mimi nitatangulia mbele na mizigo.

Kosa langu ni hilo. Plan yote niliiegemeza kwa mtu mmoja aliyesimama katikati yetu.

Basi kutoka Tarime mpaka Dar mnalijua, sitalielezea. Mama kiti cha dirishani, wife pembeni yake, mimi nyuma kabisa. Kwenye boti hivyo hivyo.

Tulifikia gesti ya zamani yenye ngazi zilizosimama kama za kupandia paa. Wife na mama nikawapa chumba cha juu chenye upepo, mimi nikachukua cha chini. Wakuu, mkisafiri na mzee chukueni chumba cha chini, upepo mtaukuta nje.

Asubuhi tuliyopanga kutafuta mlango, mama alishuka salama akishikilia ukuta. Wife akafuata nyuma na mkoba. Ngazi tatu za mwisho akateleza.

Kifundo cha mguu kikavimba hapo hapo. Hospitali walisema haujavunjika ila asiukanyage siku mbili. Tukambeba mpaka kitandani, mguu juu ya mto.

Nikarudi chini. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, amevaa kitenge kipya alichokuwa anakitunza, mwavuli umelala mapajani. Alikuwa amejiandaa tangu alfajiri.

Nikapanda tena juu kwa wife. Nikamwambia nitatafuta mwanamke wa kumtembeza.

"Atamwambia nini mtu asiyemjua?" wife akaniuliza. "Baba Bhoke, lile jicho halijui kwamba mimi nimeumia mguu."

"Sasa nitamshikaje?"

"Sijui utamshikaje. Ila usimwache kwenye korido."

Nikashuka. Nikasimama mbali kidogo, naangalia sakafu. Sisi Wakurya tunasifika kwa kuongea kama tunagombana, lakini pale niliishia kuhesabu nyufa za sakafu.

Mama ndiye aliyeanza. Aliinua mwavuli, akashika mpini, ncha akaielekeza upande wangu. Halafu akauambia ukuta:

"Mama Bhoke, mwambie Baba Bhoke ashike huko mwisho."

Mama Bhoke yuko ghorofani, mlango umefungwa.

Nikashika ncha. Nikasema, "Mama Bhoke, mwambie mama nimeshika."

Tukatoka hivyo. Mimi mbele na ncha, yeye nyuma na mpini, mwavuli katikati. Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, ambako baiskeli ikipita unajibandika ukutani, sisi tunatembea tukiongea na mtu ambaye hayupo.

"Mama Bhoke, mwambie mama kuna ngazi mbili."

"Mama Bhoke, mwambie Baba Bhoke apunguze mwendo."

Mzee mmoja muuza kahawa alitutazama weee, mwisho akashindwa kuvumilia. "Kijana, huyo Mama Bhoke yuko wapi?"

Nikamwambia yuko gesti, ameumia mguu.

"Na huyu ni nani?"

"Mama mkwe wangu."

"Basi si mamaako? Mshike mkono, atajikwaa."

Nikamwambia kwetu haiwezekani. Akatikisa kichwa akasema watu wa bara tuna mambo. Lakini alitumiminia kahawa, kikombe cha mama akaenda kukiweka mwenyewe kiganjani mwake. Hilo sikulisahau.

Milango sasa. Wakuu, milango ya Mji Mkongwe haihesabiki, na yenye misumari ya shaba ni mingi tu. Kila mmoja tulisimama. Mama anasogea karibu, anaelekeza lile jicho lake kipande kwa kipande, anapapasa nakshi kwa vidole. Halafu anauliza:

"Mama Bhoke, muulize Baba Bhoke kama ni huu."

Mlango wa kwanza nilisema sijui. Wa tano sijui. Ilipofika saa sita jua liko utosini, miguu yake inatetemeka, nikaanza kushawishika. Ningesema tu ndiyo, ni huu, angefurahi na tungerudi kupumzika. Nani angejua?

Tukafika kwenye mmoja mkubwa, mweusi kwa uzee, uko kwenye kona yenye kivuli. Akauliza tena. Neno lilifika mpaka mdomoni.

Sikuweza. Yule mama alishaahidiwa mara nyingi na mtu aliyempenda, mimi nianze kumdanganya kwa sababu nimechoka?

"Mama Bhoke, mwambie mama sijui. Ni mingi sana. Nisingependa kumdanganya."

Nikajua nimemvunja moyo.

Halafu akasogea mpaka mlangoni, akasimama wima, akaweka kiganja juu ya kichwa chake. Kutoka pale akakipandisha tena kiasi cha kichwa kimoja. Mkono ukagusa msumari.

"Alikuwa ananizidi hivi," akasema. "Huu angeufikia."

Akauchukua mwavuli kutoka mkononi mwangu, akautundika kwa mpini pale kwenye msumari. Ukakaa. Akauegemea ule mlango kwa bega kama mtu anayengoja mvua ipite, na mvua haikuwepo. Alikaa hivyo muda mrefu, namsikia anacheka kidogo peke yake. Mimi nikageukia ukuta wa pili nikijifanya nasoma tangazo, maana machozi yalikuwa yananitoka.

Nikamsikia anasema, "Mama Bhoke, mwambie Baba Bhoke anigeukie."

Sikuelewa. Nikabaki hivyo hivyo.

"Mwambie milango nimeiona. Na yeye nimuone, kabla jicho halijafunga. Amenitunza miaka yote hii na simjui."

Nikawaza babu yangu angesema nini. Halafu nikageuka.

Alinitazama kwa kutafuta, maana hawezi kuona uso wote kwa mara moja. Alianzia kwenye paji la uso, akashuka kwenye pua, akaenda shavu hili na lile. Akafika kidevuni akakaa hapo.

"Mwambie ndevu zake zina mvi upande mmoja," akasema. "Na mwambie anapendeza."

Na mimi nikamtazama kwa mara ya kwanza. Ana mwanya. Bhoke binti yangu ana mwanya ule ule, na miaka yote nimekuwa nikiuliza ameutoa wapi.

Kisha akatungua mwavuli, akanipa ncha, tukaanza kurudi. Hakunishika mkono na mimi sikumshika. Ila nakumbuka ule mwavuli ulikuwa mwepesi kuliko wakati wa kwenda.

Keshokutwa yake tukachukua gari. Wife mbele na mguu wake uliofungwa bendeji, mama nyuma. Kwa mazoea nikageuza kioo cha kati kikatazama juu, nisije nikakutana na macho ya mkwe. Nikaendesha nikitumia vioo vya pembeni.

Hatujafika mbali, sauti ikatoka nyuma. "Mama Bhoke, mwambie Baba Bhoke dereva asiyeangalia nyuma atatuua."

Wife akanitazama mimi, akamtazama mama yake. "Nyie kulitokea nini juzi?"

Nikarudisha kioo mahali pake.

Zile siku tatu ndizo zilizonituliza kuliko zote maishani. Hatukuwa na haraka na mtu. Mahali fulani tukakuta karafuu zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, nikasimamisha gari na kushusha vioo vyote. Mama hakushuka. Alifumba macho, akavuta hewa, akasema, "Kumbe hakuwa ananidanganya." Wenye karafuu wakampa kiganja kimoja, akazifunga kwenye pindo la kitenge.

Baharini upande wa mashariki maji yalikuwa yametoka mbali, mchanga mweupe mtupu. Tukatembea na mwavuli wetu mpaka maji yakatufika kwenye vifundo. Akaniuliza mbele kabisa pana rangi gani, jicho halifiki. Nikamwambia ni kama mahindi machanga yakiwa na wiki mbili shambani, halafu mbele zaidi ni bluu ya sare za shule. Akarudia maneno hayo polepole mwenyewe.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba ananiuliza mimi moja kwa moja. Wife alikuwa amekaa kwenye gari.

Turudi nyumbani.

Jicho lilifunga mwaka huu, wakati wa palizi. Lilifunga kimya kimya. Aliamka akauliza kwa nini hapajakucha.

Tulienda Kisaka tukakuta majirani wamejaa uani wanampa pole. Mimi nikakaa nje upande wa wanaume kama inavyotakiwa. Nikamsikia anawaambia, "Mimi nimeshaona vya kwangu. Mkitaka kujua bahari ikoje, muulizeni Baba Bhoke, ana macho yangu."

Nikaenda kumsalimia. "Shikamoo mama." Akaitikia, akageuza uso pale sauti ilipotoka, akamwambia wife, "Bado ana zile mvi upande mmoja."

Hakuuliza. Alikuwa anawaeleza watu anachokiona.

Hapa Bomani washkaji wananicheka, wanasema ninyoe au nipake dawa, nafanana na babu. Kinyozi wangu naye kachoka kunishauri. Sinyoi, wakuu. Kuna mtu mmoja Kisaka aliyebaki na sura moja yangu, na mimi nataka niendelee kufanana nayo.

Nilichojifunza ni kwamba heshima ya kwetu sikuivunja, na yeye hakuivunja. Tulitafuta tu kitu cha kushika katikati. Na kama una mzee aliyekutajia sehemu anayotamani kuiona, usisubiri pesa ikamilike au likizo ndefu, maana mwili wake hausubiri.

Wenye wakwe wa kutazamana chini, karibuni mniambie nyie mlifanyaje. Na anayejua mlango mweusi wa kwenye kona yenye kivuli ni wa nyumba ya nani, anisaidie, nataka nimpelekee mama jina lake.