Hendeli ya Cucu Njeri

Jambo lenyewe lilinigharimu mashina hamsini na mawili ya nduma. Niliyahesabu mara mbili, mwanangu: kwanza nikiyang'oa, halafu nikiyarudisha nikiwa nimepiga magoti topeni.

Nakumbuka siku ile, miaka ya tisini, nilipotoka Thika na pampu ya dizeli. Vijana wa kanisa letu la Mugutha tulitaka kumwagilia kabichi za kanisa. Nilitumwa mimi kwa sababu muuzaji akitaja bei, mimi hucheka kwanza. Nilirudi na pampu, mpira wa maji na kofia ya bure. Kofia niliivaa.

Pale kijitoni tuling'oa nduma za akina mama ili pampu ipate nafasi. Hatukumuuliza hata mmoja. "Mungu alitupa dunia tuitawale!" nikasema, nikizungusha hendeli ya kuwashia. Maji yakaruka, tukaimba. Siku ya tatu pampu ikakohoa tope, na hata ndoo ya kunywa haikujaa.

Cucu Njeri, bibi wa kijiji aliyechota pale tangu usichana, akaja na jerikani tupu.

"Wee Kamau, wa kofia! Nani alikuambia nduma ni takataka? Hizo ndizo zinashika maji."

"Cucu, hii ni teknolojia."

"Na mimi ni nini? Miaka yote hii najua chemchemi inatokea wapi, mkaniruka kama jiwe. Adamu aliwekwa bustanini alime na atunze. Hiyo ya kutunza, uliombea punguzo?"

Akina mama walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nami nikacheka, kwa kuchelewa.

Nilidhani ataitupa pampu. Wapi! Aliichomoa hendeli, akaitia kiondoni. "Mashine ni nzuri, itaniokoa mgongo. Lakini anayetaka kuiwasha atapitia kwangu."

Tulipanda nduma upya, na maji yaliporudi Cucu akaruhusu asubuhi mbili kwa wiki. Nilibembeleza ziwe tatu. Zikabaki mbili. Kabichi zilifunga vizuri hata hivyo, na siku ya mavuno vigelegele vilisikika hadi barabarani.

Sasa nasikia unataka kuleta mota ya kisima. Lete, mwanangu. Ila kwanza waulize wanaobeba maji wanajua nini, na uwape neno la mwisho. Anayezoea kumruka mama ataruka na mto; ni tabia ile ile. Mungu akupe maji yasiyokatika, na masikio.

Hendeli Cucu aliniachia mimi, na magoti yangu yamechoka. Hebu nishauri: nimkabidhi nani, kama si wewe, binti yangu?