Birika la Kahawa na Perege wa Baba

Nakumbuka asubuhi moja vizuri, mjukuu wangu, kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu, na bibi yako asinisikie. Umeniletea mchoro wa tangi la saruji, la kina kirefu, unataka kuzalisha perege wakubwa humo. Baba yako kasema uchimbe bwawa, umekataa, na nasikia tangu Pasaka hamsemezani. Weka karatasi hiyo chini, ukae. Tangi hilo nalijua. Niliwahi kuwa nalo.

Ilikuwa zama za Mwingereza. Nilikuwa na miaka ishirini na ushei, nimeoa juzi tu, kichwa kimenivimba. Baba yangu alisumbuliwa na kifua, lakini aliposikia serikali inagawa perege wa kufuga, alishuka kwa miguu mpaka upande wa Kikwe, akarudi na sita ndani ya debe, amewafunika kwa jani la mgomba maji yasiruke. Watu walimcheka. Siku zile wengi huku kwetu walimwona samaki ni ndugu wa nyoka, nani angemla? Baba hakujali. Aliwalea miaka miwili katika kidimbwi kando ya mfereji, kwa pumba na majani ya magimbi, wakawa wakubwa kuliko kiganja changu hiki. Ila maji ya mlimani ni baridi na yana mbio, hawakuzaa. Baba akabaki na hamu moja, naye aliisema wazi: aone watoto wao kabla hajafa.

Siku moja akanipeleka bondeni, mwisho wa kihamba chetu, shamba letu la ukoo, penye tope na jua. Alikuwa ameshapanda masale manne, mmea wa isale mmoja kila kona, kuonyesha mipaka. Akaniambia nichimbe hapo bwawa pana, kina cha kiunoni, na maji ya ukingo mmoja yasipite goti.

"Samaki mkubwa anataka uwanja," akasema. "Dume achimbe tope lake, na jike apate pa kujificha."

Nikaitika vizuri tu. Moyoni nikajisemea, nani ataliona bwawa la tope huko bondeni? Nilikuwa nimetoka kujenga birika la kuoshea kahawa, la saruji tupu, kando ya njia ya kanisani. Kila Jumapili watu walisimama kulitazama, nami najifanya nashughulika karibu nalo. Basi baba alipokwenda kwa dada yangu Kisongo kupumzisha kifua, nikalisugua birika, nikalijaza maji, nikawahamishia humo perege wake wote sita. Asiyesikia la mkuu, mwanangu, unajua humpata nini.

Wiki mbili tatu nilitamba. Kisha nikaona dume mkubwa anawakimbiza majike ukuta hadi ukuta. Hakuwa na tope la kuchimba, nao hawakuwa na pa kujificha. Mapezi yao yalichanika, wakawa wanajibanza kona moja. Nikasema watazoeana. Ujinga huo.

Asubuhi aliyorudi baba, hakuingia hata ndani. Alikwenda moja kwa moja birikani. Majike watatu walikuwa wanaelea, matumbo juu. Akamtoa aliye mkubwa kuliko wote, akamfungua mdomo kwa kidole gumba, na humo vikatoka vitoto, vidogo kama ulezi, vina macho tayari, vimekufa. Perege jike huwabeba watoto mdomoni, wewe unalijua hilo. Hata akikimbizwa hivyo, alikuwa hajawatema.

"Kumbe walizaa," baba akasema. Alivitazama kiganjani mwake muda mrefu. "Wewe ulitafuta pa kutazamwa na watu. Wao walitaka pa kukaa."

Akawazika kwenye shina la mgomba, akaingia ndani kulala. Hakunifokea. Afadhali angenichapa.

Unajua desturi yetu. Ukimkosea mzazi, unamletea jani la isale kwa mikono miwili, naye akiletewa isale hakatai kusamehe. Nilijua nifanye nini. Ila aibu ilinishika. Nikasema kesho. Nikasema tukimaliza kuchuma kahawa. Nikasema Jumapili, baada ya ibada. Mwezi mzima tulipishana mlangoni, nami naangalia chini. Alasiri moja nikajikaza, nikashuka bondeni, nikachuma jani kutoka kwenye kona mojawapo aliyopanda yeye. Nikipandisha nalo nyumbani, nikasikia wanawake wanalia.

Nilisimama uani na lile jani, sina wa kumpa. Nililia, mwanangu. Hata sasa nikilisimulia nalia, usinitazame.

Baada ya mazishi nilichimba pale pale aliposema, kwa jembe lake. Perege watatu waliosalia nikawapeleka huko. Mwaka uliofuata nikaona vitoto, wingu zima, kwenye maji ya goti yenye jua. Nikageuka, nikaita, "Baba, njoo uone!" Nilikuwa nimesahau kuwa hayupo.

Basi sikia. Perege mkubwa mpe upana kabla ya kina. Mpe tope chini, ukingo wa maji mafupi yapashwe na jua, na majani ya kujifichia. Dume awe mmoja, majike wengi, na maji yaingie polepole. Hayo baba yako alikuambia, nami ndiye niliyemfundisha. Kuhusu samaki nimemaliza.

Ila masale yale bado yapo bondeni, yamekuwa kichaka. Shuka, uchume jani moja. Baba yako yuko kwenye migomba sasa hivi, namsikia anakata majani ya ng'ombe. Usiseme kesho. Mungu akutangulie, ufike ungali na wa kulipokea.