Ufunguo Aliokwenda Nao

Siku ya tatu baada ya kumzika mkewe, fundi kufuli alibadilisha kitasa cha mlango wake mwenyewe. Hakufikiri. Miaka arobaini aliwaambia wateja maneno yaleyale: ufunguo ukipotea, badilisha kitasa siku hiyohiyo, usingoje mwizi akukumbushe. Na mfuko uliorudi kutoka hospitali ulikuwa na kandambili, miwani na chanuo. Ufunguo wa mkewe haukuwamo.

Kitasa cha zamani alikifumua, akatoa springi na pini, akazitia kwenye milango ya watu. Ndivyo kazi ilivyo. Hakitupwi kitu.

Aliyeleta kitabu ni shemeji yake, mdogo wa marehemu, karani mstaafu mwenye maneno mengi na moyo mzuri. Kila alasiri alipanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu na bakuli la chakula, akamsimamia mzee mpaka alimalize. Siku moja akaja na kitabu kinene kwapani.

"Kinahusu waliokufa," alisema. "Eti wamo mjini humuhumu, tunapishana nao barabarani. Nikasema nikusomee, maana wewe na herufi hamjuani."

"Tunasalimiana tu."

Akavaa miwani, akasoma. Katika mji wa kitabu kile, kila aliyekufa hurudi mlangoni kwake mara moja, na ufunguo aliokufa nao. Ukifungua, huingia, hukaa na watu wake kidogo, kisha huenda kupumzika. Usipofungua, hubaki nje, na wafagiaji wa mji humzoa pamoja na takataka. Basi mama mmoja mwenye koti la kijani alifika kwake. Akatia ufunguo. Ukagoma.

Fundi aliweka kijiko chini. "Umegoma kwa nini?"

"Mumewe alibadilisha kitasa."

Fundi aligeuka kuutazama mlango. Shemeji hakuona. Alikwisha geuza ukurasa, na huko palikuwa na kijana mwenye upanga unaowaka moto.

Tangu siku hiyo fundi hakwenda kwenye meza yake ya kazi. Alikaa kitini, uso mlangoni. Sauti ya ufunguo usio wake anaijua. Huingia nusu, hukwaruza, hutolewa, hugeuzwa upande wa pili, hujaribiwa tena. Watu hawaamini mara ya kwanza. Akawa anaisikia hiyo sauti akila, akioga, akifunga kamba za viatu. Akifungua, ni ukumbi mtupu na ndoo ya jirani.

Kisha ikaja kweli. Mchana kweupe, ufunguo uliingia nusu, ukakwaruza, ukatoka. Ukarudi. Fundi alisimama. Aliufikia mlango kwa kushika ukuta, akafungua huku amefumba macho.

"Samahani, mzee. Nimekosea ghorofa." Ni jirani wa juu, mifuko ya sokoni mkono mmoja, ufunguo mkono wa pili. "Unaumwa?"

"Hapana," alisema fundi, akakaa palepale sakafuni.

Alasiri hiyo alimweleza shemeji yake yote, kwa maneno machache. Shemeji akacheka.

"Mzee mzima unatishwa na karatasi! Dada angekuona angekuchapa na mwiko." Kicheko kikamkatikia njiani. Akautazama mlango. Akatazama kitabu. "Kwa hiyo ufunguo alikwenda nao?"

"Haukuwamo mfukoni."

"Basi tusome, tuone yule mama aliingiaje."

Wakasoma siku tano. Jini lenye mabawa lilimpenda mpelelezi. Mpelelezi alikufa, akafufuka, akafa tena.

"Na mama?" fundi aliuliza kila baada ya kurasa mbili.

"Bado, shemeji. Sasa hivi wanabusiana juu ya paa."

"Watabusiana mpaka lini? Mwenzao yuko nje."

Siku ya tano vita vikaisha, jua likachomoza, kitabu kikafungwa. Fundi alingoja.

"Ndiyo mwisho," shemeji alisema. "Hakumtaja tena. Kurasa zote hizi, kamsahau! Mwandishi huyu hana haya."

"Rudi nyuma. Tafuta."

Alitafuta, kidole kikishuka ukurasa mmoja hadi mwingine, mpaka akapata mistari miwili waliyoiruka. Kijana wa upanga alipita, akamwonea mama huruma. Akiwa pale nje, mlango umefungwa, akatoa bisibisi, akalegeza skrubu za kitasa, na mama akaingia.

"Haya! Ameingia!" shemeji alishangilia. "Umesikia?"

"Soma tena. Alikuwa nje?"

"Nje, ndiyo."

"Mlango umefungwa?"

"Umefungwa. Kwani vipi?"

Fundi aliinuka, akamwonyesha kwenye mlango wao. Skrubu zote ziko ndani. Ndiyo maana ya kitasa. "Angezifikiaje? Mwandishi huyu hajawahi kushika bisibisi. Mlango wa mbao haujui, wa wafu ataujulia wapi?"

Wakacheka mpaka shemeji akavua miwani kufuta macho. Akaendelea kufuta. Kicheko kilikwisha, yeye bado anafuta.

"Basi dada hayuko nje," alisema.

"Hayuko."

Fundi alirudi kitini polepole. Wiki nzima alikuwa akiogopa kwamba mkewe amesimama hatua mbili kutoka hapo. Hatua mbili si mbali. Sasa hakujua ahesabu ngapi, na hofu hii mpya ilikuwa baridi kuliko ile ya kwanza.

Shemeji alikusanya bakuli lake, akatia kitabu kwapani. Kizingitini akageuka.

"Nikufungie?"

Fundi alikitazama kitasa kipya.

"Rudishia tu," alisema.

Akarudishia. Kandambili za shemeji zilishuka ngazi, ghorofa ya pili, ya kwanza, zikapotea barabarani. Fundi akaendelea kusikiliza.