Majani Yaliyochanua

Mtaani walimwita mama huyu Daktari wa Majani, na kaka yake, mwenye ng'ombe saba aliowalisha yeye, alipenda kulirudia jina hilo mbele ya wageni. Kilemba cha ukoka, ukiniuliza mimi. Kila dada huyo alipoomba kuondoka, kaka alimwambia ataondoka baada ya kiangazi. Viangazi sita vilishapita.

Kazi aliijua kweli. Saileji yake, malisho ya kuvundikwa shimoni kwa ajili ya kiangazi, ilitokana na majani machanga, yaliyokatwa kabla hayajachanua. Aliyaacha yanyauke nusu siku, akayakatakata, akayanyunyizia molasi, akayashindilia shimoni mpaka hewa ikaisha, ndipo akafunika kwa nailoni. Shimo likifunguliwa linanukia uchachu mtamu, na ng'ombe wanaramba hori mpaka mbao zinang'aa.

Mwaka huu bintiye alipata mimba ya kwanza, akamwomba aende kuishi naye. Kaka akauliza, nani atalisha? Dada akawaza kwamba akiharibu kazi mara moja tu, ataonekana hafai, na kaka ataajiri mlishaji mwingine. Hapo ndipo mama wa watu alipojipalia makaa. Aliyaacha majani yachanue, mashina yakakakamaa, ndipo akakata. Kaka alifurahi kuona shimo limejaa pomoni. Wapo wengi kama yeye, wanaodhani wingi ndio chakula.

Kiangazi kilipofika wakalifungua. Ng'ombe walikula, matumbo yakatuna, mashina wakayaacha horini. Yule mwekundu aliyekuwa akitoa lita kumi na nne za maziwa kwa siku akashuka hadi nane, nyonga zikaanza kuchomoza. Alikuwa anashiba na njaa iko palepale. Kila mama alipoinama kumkamua, mnyama aligeuza shingo akamtazama, na aibu aliyoiona ilizidi ya kutukanwa.

Hata hivyo alisubiri kufukuzwa. Begi lilikuwa tayari nyuma ya mlango. Kaka akaingia bandani, akachota saileji kiganjani, akayavunjavunja mashina yake, akaitupa. Hakugomba hata kidogo.

"Mdogo wangu, hii imetushinda," alisema kwa upole. "Sasa ndiyo huwezi kuondoka kabisa. Nani mwingine atawaponya hawa?"

Jibu alikuwa nalo mdomoni. Angesema tu kwamba alifanya makusudi, angefukuzwa papo hapo, na jioni angekuwa kwa bintiye. Lakini ng'ombe wangebaki na shimo lile, na dawa yao aliijua yeye peke yake: majani mabichi ya bondeni, mizigo mitatu kila siku, pumba na mashudu juu yake, mpaka mvua inyeshe. Akaitikia kwamba atabaki.

Asubuhi alikuwa bondeni na mundu. Simu ikaita. Bintiye alisema kitanda cha mama kimeshatandikwa, akauliza atafika lini. Alibana simu begani huku akikaza kamba ya mzigo kwa goti.

"Mwanangu," alisema, "baada ya kiangazi."