Upana wa Kidole Gumba

Tangu Jumapili nawaza habari ya umbali, na kila nikiwaza natamani ardhi ipasuke.

Mimi ni muuguzi, mtu wa Singida, nimeolewa na mwalimu hapa Tukuyu. Kwa mila za huku, mke hamkaribii baba mkwe. Wengi wameshaacha, lakini mkwe wangu, mzee wa kijiji cha Kisondela, bado anaishika. Akija, hukaa barazani, nami namsalimia kutoka jikoni. Miaka minne hatujawahi hata kushikana mikono.

Jumapili hiyo nilibadilishana zamu, nikabaki nyumbani. Mvua ikatufungia ndani mimi na mume wangu, tukacheza vita vyetu vya mezani, vile vya wanajeshi wadogo wa plastiki. Tunagombania sheria moja tu: kama hushambulii, kikosi chako kiache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya adui. Hapo mimi ni mkali kuliko hakimu.

Bodaboda ikapiga honi, mume wangu akatoka. Nikainama, jicho usawa wa meza, nikaona wanajeshi wake wamenibana. Hatua zikarudi, mtu akasimama kando yangu. Bila kuinua kichwa nikamkamata mkono.

"Lete kidole tupime, mwizi wewe!"

Nikakisukuma katikati ya vikosi. Kilikuwa kigumu, cheusi kwa utomvu wa migomba. Mume wangu hushika chaki tu.

Yeye mwenyewe alikuwa mlangoni, mkungu wa ndizi begani, mdomo wazi. Mzee, aliyedhani niko kazini, hakunitazama. Alimgeukia mwanawe.

"Mwambie mkeo, kidole hakipiti. Wamekaribiana mno."