Dawa ni Subili

Juzi pale Kibomet niliona subili, ule mmea mchungu wa majani manene, nikakumbuka mguu wa dada yangu Nekesa. Uji wa moto ulimmwagikia tukiwa kwa kukhu, bibi yetu wa Bungoma, ambaye kila r kwake ilikuwa l.

"Nje, halaka! Dawa ni subili!"

Nilitoka, nikakaa kando ya ua, nikasubiri. Harufu ya uji ulioungua ilinifikia, pamoja na kilio cha Nekesa.

"Dawa iko wapi, wewe?"

"Si umesema nisubiri, kukhu?"

Alivunja jani lililokuwa likinigusa goti, akampaka Nekesa ute wake.

Siku hizi nimesoma kwamba ute huo una kemikali zinazopunguza ishara ambazo seli hutuma kuleta uvimbe. Huchukua muda. Jioni ile Nekesa aliuliza atapona lini.

"Subili," kukhu alisema, na safari hiyo hakumaanisha mmea.