Tarumbeta na Mashua Iliyokosa Mnunuzi

Mtaa mzima ulimwita Tarumbeta, na mgeni hakuhitaji kuelezwa sababu. Kazi yake ilikuwa kupiga mnada. Akishapanda juu ya meza, akashika kiuno na kufungua kinywa, watu waliokuwa benki ng'ambo ya barabara walisahau walichokuwa wakijaza kwenye fomu. Ofisi ilimnunulia kipaza sauti. Kilikaa kabatini mwaka wa tano sasa, bado kimo ndani ya boksi lake.

"Hicho wapeni wenye vifua vya kuku," alisema.

Alikuwa pandikizi la mwanamke, mwenye mikono iliyozoea kugeuza jokofu ili mnunuzi aone mgongo wake. Mumewe alikuwa fundi saa, mwembamba kama mshale wa dakika. Kibanda chake kiliuzidi mlango wake kwa shubiri mbili tu, na humo alishinda na kioo cha kukuzia jichoni, akisema maneno kumi kwa siku, mengi yake "njoo kesho". Walizaa pacha, wakawalea, wakawaoza, nyumba ikabaki na watu wawili, msemaji na msikilizaji. Watani walisema ndoa ile imedumu kwa kuwa hakuna aliyewahi kumkata mwenzake kauli.

Basi ikatokea shule moja ya bweni, iliyokuwa kando ya bwawa, ikafungwa. Vitu vyake vikaletwa mnadani. Vitanda vilikwenda, madawati yakaenda, sufuria za kupikia watu mia nazo zikapata wenyewe. Mwisho kikabaki kitu kirefu chini ya turubai. Vibarua walipolivuta turubai, umati ukaangua kicheko. Ilikuwa mashua, lakini mashua gani ile! Ndefu kama nyumba mbili zilizopangana, nyembamba hata mtu wa kawaida angekaa ndani yake amebana mapaja, na makasia manne yenye urefu wa nguzo.

"Jeneza la nyoka!" mmoja akapaza sauti, na hapo hata makarani wakacheka.

Tarumbeta hakucheka. Akainadi. Akazisifu mbao zake, akasifu vile viti vyake vinavyoteleza mbele na nyuma juu ya reli, akasifu hata jua linavyong'aa ubavuni mwake. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Katika miaka kumi na tisa hajawahi kukosa walau mkono mmoja, na sasa aliona haya kama vile wamemkatalia binti yake mbele za watu.

"Ikikosa mtu, kesho tunaikata kuni," akasema msimamizi wa ile shule. "Ghala linatakiwa."

Kuni! "Naichukua mimi!" akasikia kinywa chake kikisema, na nyundo ikagonga meza kabla hajajiuliza ataiweka wapi.

Kuipeleka nyumbani ilikuwa sinema. Mwashi mmoja aliyekuja kutafuta mlango wa mitumba akakubali kushika mbele, akisaidiwa na mwokaji mikate wa jirani aliyekuwa na unga hadi kwenye nyusi. Nyuma akashika Tarumbeta. Uani haikuenea. Kichwa kilifika kwenye kamba ya kuanikia nguo, mkia ukatokeza barabarani mbele ya mlango wa mwokaji. Fundi saa alitoka kibandani mwake, akaizunguka mara mbili, akainama na kuikagua kwa kile kioo chake. Halafu akaufunga mkia kitambaa chekundu ili magari yasiugonge.

"Mama Pacha," akasema, "hii haina msumari hata mmoja." Kwa mtu kama yeye, hiyo ilikuwa hotuba.

Siku ya tatu mwokaji alikuja kulalamika kwamba wateja wake wanaruka mkia wa mashua kama mbuzi. Akamkuta mwashi pale pale, ameketi ndani yake, anavuta makasia hewani na meno yote nje. Dakika tano baadaye mwokaji naye alikuwa ndani. Wa tano kuingia katika jambo hili alikuwa dada mdogo wa fundi saa, mkunga wa hospitali, ambaye alikuja kumsalimia kaka yake akakuta watu wazima wanapiga makasia kwenye mavumbi.

"Wifi," akamwambia Tarumbeta, "katika nyinyi nani anajua kuogelea?"

Wakatazamana.

"Basi mtaanza kwa hilo. Mimi kazi yangu ni kuwaleta watu duniani, siyo kuwatoa."

Chama kikaanzishwa hivyo, ndani ya duka la mikate, saa nne asubuhi tanuri zikipoa, wanachama watano wakiwa wamekalia magunia ya unga. Mkunga aliwafundisha kuogelea kwa wiki sita kwenye sehemu ya bwawa isiyozidi kifua. Mwashi alikuwa akizama kama tofali, lakini akizuka anacheka. Vyeo vikagawanywa bila ubishi. Wanne wavute, na Tarumbeta akae nyuma kabisa kwenye usukani, atoe amri. Nani mwingine, na sauti ile?

Siku ya kuiteremsha majini mtaa ulihamia ukingoni. Wavutaji walipoketi ndipo wakang'amua kwamba wote wamekupa kisogo kule wanakokwenda.

"Sasa tutaonaje njia?" akauliza mwokaji.

"Njia naiona mimi! Nyinyi vuteni!"

Wakavuta. Tarumbeta alipokaa vizuri, mkia ukazama na pua ikainuka kama mbwa anayenusa upepo. "Vuta! Vuta! Kushoto! Siyo wewe, yule! Haya, wote! Vutaaa!" Kila neno lilikuwa sahihi, lakini yalikuja mengi mno. Mwashi alivuta kabla ya wakati, mwokaji akavuta baada ya wakati, na fundi saa akapiga hewa, kasia likamgonga kidevu. Mashua ikayumba kulia, ikafikiri kidogo, ikapinduka. Chubwi! Ukingoni watu walishangilia kama wamefungiwa goli. Fundi saa alizuka na miwani yake mdomoni. Tarumbeta alizuka kifua kikimpanda, maji yakimtoka puani, na neno la kwanza alilosema likasikika hadi kwenye nyumba ya pampu.

"Tena!"

Walirudia, tena na tena, kila Jumamosi na kila Jumapili kwa miezi mitatu. Walipinduka wakajua kupinduka. Lakini mbele hawakuwa wanakwenda. Ilikuwa kutwanga maji kinuni, kwa maana yake halisi. Mwishowe mkunga akasema lile ambalo wanaume walilimeza. Mawifi wale walikuwa wakitaniana tangu siku ya harusi, ila safari hii hakuwa akitania.

"Wifi, nikuambie au nikufiche?"

"Uliwahi kunificha nini?"

"Umekaa pasipo pako. Sisi tunainua mashua, wewe unaikalisha. Na kaka yangu, Mungu ampe maisha marefu, akishika kasia ni kama anakoroga chai. Badilishaneni."

Tarumbeta akachukua taulo lake, akaenda zake. Wikiendi iliyofuata hakuonekana bwawani. Nyumbani aliosha vyombo kwa kishindo. Mtu amekuwa na sauti tangu utotoni, amefukuzwa kwaya kwa ajili yake, ameitwa majina, na leo amepata mahali ambapo sauti hiyo inahitajika, halafu wanamwambia ainyamazishe avute mti!

Jioni ya Jumapili fundi saa alikuja jikoni, akashika kitambaa na kuanza kukausha sahani. Alikausha tatu nzima kabla ya kusema.

"Siku ile mlipoleta mashua. Mwashi na mwokaji walishika mbele, na walikuwa wanahema."

"Ehe?"

"Nyuma ulikuwa peke yako. Hukuhema."

Tarumbeta akageuka, mikono imejaa povu. "Kumbe uliona?"

"Niliona," akasema, akachukua sahani ya nne.

Jumamosi wakabadilishana. Kiti cha Tarumbeta kilikuwa cha nyuma kabisa kati ya vile vinne, akielekeana na mshika usukani, magoti yao karibu yagusane. Pua ya mashua ikakaa sawa juu ya maji. Fundi saa akasema kitu.

"Hatusikii huku!" akalia mwashi kutoka mbele.

Akakisema tena, bila kuongeza sauti hata chembe.

"Nyamazeni basi!" akanguruma Tarumbeta. "Mume wangu anaongea!" Naye mwenyewe, kwa kuwa hakukuwa na njia nyingine ya kumsikia, akafunga mdomo.

"Yakiingia majini nasikia makasia manne," alisema fundi saa. "Nataka kusikia moja. Mwashi, unawahi. Mwokaji, unachelewa. Dada, vizuri."

"Na mimi?" akauliza Tarumbeta.

"Wewe usibadilike. Wao wakufuate wewe."

Maneno yake hayakufika mbele, kwa hiyo ukazuka utaratibu wenyewe. Yeye alilisema neno kwa sauti ya kibandani, na Tarumbeta akalirusha nyuma ya bega lake kwa sauti ya mnadani. Hakupunguza wala hakuongeza. Hilo la kutoongeza lilimgharimu kuliko kuvuta.

Asubuhi moja, bila kutarajia, sauti nne zikawa moja. Tup! Kisha kimya. Tup! Chini ya viti maji yakaanza kunong'ona, halafu yakaimba, na mashua ikachomoka kama samaki aliyeponyoka mkononi. Hakuna aliyethubutu kupumua vibaya. Walipofika upande wa pili wa bwawa mwokaji alikuwa akilia waziwazi, machozi yakichora mifereji kwenye unga wa mashavuni.

"Tulikuwa tunaruka," alisema. "Nani aliona? Tulikuwa tunaruka!"

Ng'ambo ya bwawa kulikuwa na chama kikubwa cha tangu zamani, chenye banda la matofali na fulana za rangi moja, kilichoandaa mashindano kila mwaka. Mwaka wa kwanza Tarumbeta na wenzake walifika wa mwisho, wakakuta waamuzi wameshaanza kula. Mwaka wa pili kasia la mwashi lilikatika katikati ya safari, wakarudi kwa matatu wakizunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Lakini mtaa ulikuwa umekwishaambukizwa. Wadobi wa hospitali walikuja wakaomba kujaribu, halafu makarani wa benki, halafu mwalimu wa hesabu na mkewe. Mwashi akajenga banda la mashua kwa matofali aliyookota kwenye kazi zake, kila ukuta rangi yake. Mwaka wa tatu chama kilikuwa na watu thelathini na mmoja, mashua moja ileile, na orodha ya zamu ndefu kuliko mashua yenyewe.

Mashindano ya mwaka huo yalikuwa na mashua tatu, kilomita mbili. Bendera ikashuka. Fundi saa akabonyeza saa yake ya kuhesabia sekunde, akaitia mfukoni, akashika kamba za usukani kama mtu anayeshika unywele.

"Ndefu," alisema, yaani wavute makasia kwa urefu.

"NDEFU!" ikaenda nyuma.

Walianza wa tatu. Kwenye nusu ya njia walikuwa wa pili. Tarumbeta hakuona mashua yoyote. Alimwona mumewe tu, na nyuma ya masikio yake ukingo ukikimbia, watu wakikimbia nao, mmoja akipiga sufuria. Mapaja yalimwaka moto. Alitamani kuuliza tuko wapi, wako wapi, tumebakiza nini, akayameza yote na kuvuta. Kisha, pembeni ya jicho, ikatokea ncha ya kasia la watu wengine. Halafu mtu. Halafu mtu wa pili, amekunja uso, fulana ya rangi ya chama kikubwa. Ina maana wao ndio wanaowapita wale!

Fundi saa akamwinamia. Macho yalikuwa yamemtoka kama mtoto.

"Mama Pacha," alisema taratibu. "Nenda."

Hilo hakulirusha nyuma. Halikuwa la watu wote. Akaenda tu, na wale watatu nyuma yake wakahisi mashua ikirukia mbele wakamfuata wenyewe. Tup! Tup! Tup! Kwenye mstari wa mwisho filimbi ikalia mara moja, na papo hapo ikalia tena, karibu sana hata hakuna aliyejua ya kwanza ilikuwa ya nani. Waamuzi wakajikusanya, wakabishana, wakaitana pembeni. Mwamuzi mkuu akarudi na kipande cha karatasi. Washindi ni chama cha Tarumbeta, wale wa upande wa pili wa bwawa, kwa urefu wa mkono mmoja.

Mwokaji alijitupa majini na nguo zake. Mwashi akamfuata. Mkunga aliyekuwa amebaki wodini kwa zamu tatu mfululizo wiki ile alilala chali ndani ya mashua akicheka peke yake.

"Muda wetu?" Tarumbeta aliuliza, akihema. "Baba Pacha, tumetumia dakika ngapi?"

Fundi saa akatoa saa mfukoni, akaitazama, akaanza kucheka, jambo ambalo wengi pale hawakuwahi kuliona. Sekunde zilikuwa bado zinakwenda. Fundi aliyetengeneza saa miaka thelathini alikuwa amesahau kuisimamisha.

Nahodha wa chama kikubwa, mwanamume mwenye mabega kama kabati, alivuta mashua yake hadi ubavuni mwao, akawapa mkono mmoja mmoja. Alipofika kwa Tarumbeta akamwambia wanayo mashua ya pili wasiyoitumia, ya watu wanne pia, imelala bandani inakula vumbi. Ana hakika inavuja kidogo.

"Tunaichukua!" alisema Tarumbeta, kabla mtu hajamaliza kuuliza inavuja wapi.

Wakaja kuibeba Jumatatu alasiri, watu kumi na wawili kwa zamu, wakizunguka bwawa lote kwa miguu. Wadobi walishika mbele, wakiimba, na kila walipofika kwenye kona ilibidi magari yasimame hadi mkia upite.